Aina za data kwenye C kwa hesabu za korosho: wapi int inatosha, wapi inakuumbua

Kuchele wakuu. Mpwa wangu yuko Masasi anajifunza C kwa simu, juzi kanitumia voisi ananiuliza "mjomba, kwani namba si namba tu, hii C kwanini inataka niseme kwanza ni int au float au sijui long nini, mbona Python haisumbui?" Nikaanza kumjibu kwa voisi na mimi, nikajikuta nimefika dakika ya sita sijamaliza hata nusu, nikaona bora niandike mara moja asome yeye na wengine wanaoanza.

Ni kwamba C inakompailiwa. Kabla programu haijaanza kazi, kompaila inapitia msimbo wako wote inaugeuza kuwa maagizo ya prosesa, na palepale lazima ijue kila kitu ulichokitaja kinakula nafasi kiasi gani kwenye memori na kitajumlishwa kwa agizo lipi, maana prosesa inajumlisha namba nzima kwa njia yake na namba za desimali kwa njia nyingine kabisa. Python inatembea na hayo maelezo mgongoni muda wote programu inaporun, ndo maana haikuulizi na ndo maana ni nzito. Hata mama yake C, lugha moja iliitwa B, haikuwa na aina, kila kitu kilikuwa neno moja la mashine, yani kipande cha memori cha saizi moja, basi. Dennis Ritchie pale Bell Labs Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndo akaongeza aina, sababu mashine mpya waliyopata, PDP-11, ilikuwa inashika baiti mojamoja na B ilikuwa inahangaika nayo. Kwaiyo hazikuwekwa kukutesa mpwa wangu.

Haya tuingie kazini. Kama una laptopu sawa, kama huna shusha Termux kwenye simu ya Android, ni app ya kuandikia amri, ukishaifungua andika hii ya kuleta clang (ndo kompaila yenyewe) na nano (ya kuandikia faili)

```
pkg install clang nano
```

halafu subiri, bando litaliwa kidogo. Faili lako liandikie humohumo ndani ya Termux, usilipeleke kwenye hifadhi ya kawaida ya simu kule kwenye picha na nyimbo, kule programu inakataliwa kurun utadhani umekosea msimbo kumbe ni ruhusa tu. Fungua `nano saizi.c` andika hii ya kuuliza kila aina inakula nafasi kiasi gani, kwa mkono, usikopi, vidole vizoee:

```
#include <stdio.h>

int main(void) {
    printf("char      %zu\n", sizeof(char));
    printf("short     %zu\n", sizeof(short));
    printf("int       %zu\n", sizeof(int));
    printf("long      %zu\n", sizeof(long));
    printf("long long %zu\n", sizeof(long long));
    printf("float     %zu\n", sizeof(float));
    printf("double    %zu\n", sizeof(double));
    return 0;
}
```

Kisha `clang -Wall saizi.c -o saizi` halafu `./saizi`. Hiyo `-Wall` usiiache hata siku moja, ndo inayomwambia kompaila akuonye kila anapoona kitu cha kutia shaka.

Simu nyingi za sasa zitakupa 1, 2, 4, 8, 8, 4, 8. Hizo ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Ila ukipeleka msimbo huohuo kwenye Windows pale kwenye long utaona 4 badala ya 8, na simu za zamani za biti 32 nazo hivyohivyo. Hakuna aliyekosea, C yenyewe inasema long iwe angalau biti 32, zaidi ya hapo kila mtu na mashine yake. Mi long siitumii kabisa kwa sababu hiyo, nikitaka kubwa naandika long long moja kwa moja, hiyo tangu ilipoingia rasmi na toleo la C99 ni angalau biti 64 popote uendapo.

Sasa int, aina ya namba nzima. Baiti 4 ni biti 32, kila biti ni 0 au 1, kwaiyo inabeba michanganyiko 4,294,967,296, nusu imepewa namba hasi na nusu iliyobaki sifuri na chanya. Inaanzia -2,147,483,648 inaishia 2,147,483,647. Bilioni mbili na ushee. Mtu akisikia bilioni mbili anasema aah mimi nitazipata wapi, na ndo kilichoniumiza.

Kipindi najifunza niliandika programu ya kukokotoa malipo ya chama kimoja cha msingi, huku kwetu wote mnajua msimu unavyokuwa, tangu stakabadhi ghalani ianze 2007 mkulima anapeleka korosho chamani zinapimwa, zinaenda ghalani, mnada unapigwa, halafu hela inarudi na makato yake. Nikatumia bei ya 3,300 kwa kilo kujaribia, ile ya 2018 serikali iliposema itanunua yenyewe. Mkulima mmojammoja ilikuwa inatoa vizuri kabisa, nikajisifu. Siku ya kumuonesha katibu, mzee wa watu mstaarabu, akasema hebu tuweke chama kizima, tuseme tani 700. Nikaandika kilo 700,000 nikabonyeza. Ikatoka

```
Jumla: -1984967296
```

Mzee akavua miwani akaifuta akaivaa tena. "Mwanangu, hii kompyuta yako inasema tunadaiwa bilioni moja na milioni mia tisa na themanini na nne. Tumemkopa nani?"

Kilichotokea ni hiki, 700,000 mara 3,300 ni 2,310,000,000, imepita kikomo cha int. Unaijua mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, ukitundika mzigo mzito kuliko uwezo wake mshale unazunguka unapita sifuri unaanza kusoma upya kama vile mzigo ni mwepesi. Ndo hivohivo, ila kwenye int mshale ukipita juu unatokea chini kabisa kwenye hasi. Chukua 2,310,000,000 toa 4,294,967,296 unapata ile namba ya katibu mpaka tarakimu ya mwisho. Na hapo tulibahatika ikatoka hasi, ingekuwa tani 1,400 ingezunguka zaidi ikatua kwenye 325,032,704, chanya nzuri kabisa, tungeiandika kwenye daftari hakuna ambaye angeshtuka. Tena vitabu vya C vinasema int ikifurika matokeo hayana dhamana, kompaila ana haki ya kufanya lolote, kuzunguka ndo kinachotokea mara nyingi tu.

Kwaiyo unapochagua aina usiangalie namba iliyo mbele yako leo, angalia itakapofika ikishazidishwa na kujumlishwa chama kizima msimu mzima. Kilo zinatosha kwenye int. Bei inatosha kwenye int. Kilo mara bei ndo haitoshi. Piga hesabu kinyume kabla hujaandika chochote: 2,147,483,647 gawa kwa 3,300 unapata kilo 650,752, yani ukivuka tani 650 tu umekwisha.

Nikarudi nyumbani Chikongola nikabadilisha jumla iwe long long nikajua nimemaliza.

```
int kilo = 700000;
int bei = 3300;
long long jumla = kilo * bei;
printf("Jumla: %d\n", jumla);
```

Ikatoka ileile -1984967296. Nilikaa na hii mpaka saa saba usiku. Kuna makosa mawili hapo na kila moja linamficha mwenzake. La kwanza, `kilo * bei` ni int mara int, kompaila anazidisha kwa int, inafurika palepale, halafu ndo anachukua uchafu uliofurika anaumimina kwenye long long, ni kama kununua pipa kubwa halafu unachotea kikombe kinachovuja. La pili `%d` inaisoma ile namba kama int hata kama ndani ni kubwa, kwaiyo hata ukisharekebisha la kwanza bado kioo kinakuonesha vilevile unadhani hujarekebisha. (Hilo la pili -Wall ingenionya, enzi hizo sikuwa naitumia.) Inatakiwa hivi:

```
long long jumla = (long long)kilo * bei;
printf("Jumla: %lld\n", jumla);
```

Ukishageuza mmoja kuwa long long kabla ya kuzidisha, mwenzake anapandishwa naye, hesabu yote inafanyika kwa biti 64. Kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807, korosho zote za Mtwara na Lindi na Ruvuma ukiziweka humo hazifiki popote. Kwenye laptopu ya Linux ukikompaili na `-fsanitize=undefined` programu inapiga kelele yenyewe pale inapofurika, inakutajia mpaka mstari, nilikuja kuijua nimeshazeeka.

Kugawanya nako kuna mtego wake. Gunia 3 zimepimwa zote kilo 245, unataka wastani.

```
int jumla_kilo = 245, gunia = 3;
double wastani = jumla_kilo / gunia;
```

Utapata 81.00 wakati jibu ni 81.67. Int kugawa int inatoa int, desimali inakatwa, haikadiriwi juu, inatupwa. Hata ukiandika `(double)(245 / 3)` umechelewa, mabano yameshagawa. Andika `(double)jumla_kilo / gunia`. Ila usiichukie tabia hii, ukitaka kujua gunia ngapi zimejaa na kilo ngapi zimebaki ndo unayoihitaji: `kilo / 80` inakupa gunia za kilo 80, `kilo % 80` inakupa mabaki.

Tukaja kwenye desimali ndo mpwa wangu alipokuwa ananibishia. Anasema mjomba mi naweka kila kitu float yaishe, inabeba kubwa na ndogo na desimali. Ni kweli float inafika mbali sana, mpaka sifuri thelathini na kitu, lakini haibebi tarakimu zote njiani, inakumbuka tarakimu kama 6 au 7 za mwanzo zilizobaki inakadiria. Nikamwambia andika hii:

```
float hela = 2310000000;
printf("%.0f\n", hela);
```

Kwake ikatoka 2310000128. Shilingi 128 zimetoka wapi? Hakuna mtu kaziweka, ni kwamba ukivuka 2,147,483,647 float inaruka hatua za 256, hakuna kitu katikati, ikatafuta jirani wa karibu ikakaa. Na ukiwa unajumlisha kilo mojamoja kwenye float, ukifika 16,777,216 ukiongeza 1 inabaki 16,777,216, ongeza tena, bado, ongeza mpaka kesho. Mkulima kaleta mzigo kaandikiwa na jumla haijasogea. Hiyo ni kangomba ya kidijitali jamani, na kangomba, ule ununuzi wa magendo unaompunja mkulima, huku tunajua ilivyoliza watu.

Double ni bora mbali sana, tarakimu 15 mpaka 16, ukilazimika desimali tumia double, float waachie wa michezo na picha. Ila hata double haiwezi kuandika 0.1 sawasawa, kama ambavyo wewe huwezi kuandika theluthi moja kwa desimali ukaimaliza. Jaribu `if (0.1 + 0.2 == 0.3)` uone jibu. Kwaiyo kwenye hela mi sitii desimali kabisa. Shilingi ni namba nzima, senti hatuzioni tena dukani, weka long long. Na kilo kama mizani inasoma 81.5, geuza iwe gramu 81,500, zidisha kwa bei halafu gawa kwa 1000 mwishoni:

```
long long malipo = (long long)gramu * bei / 1000;
```

81,500 mara 3,300 gawa 1000 ni 268,950 kamili. Angalia nimeweka tena ile `(long long)`, sababu ukishahamia kwenye gramu kikomo kimekusogelea, int inafurika ukifika kilo 651 tu, sio tani, kilo. Pickup moja.

Char sasa. Jina linakudanganya, char ni namba ndogo ya baiti moja ambayo tumekubaliana kuisoma kama herufi. 'A' ni 65, 'K' ni 75, na '1' ni 49. Hiyo ya mwisho ishike. Daraja la korosho nililiweka kama `char daraja = '1';` halafu chini nikaandika `if (daraja == 1)`, korosho zote zikaenda daraja la pili. Hata moja haikupona, msimu mzima wa majaribio chama kina under tupu (ndo hilo daraja la pili), sababu 49 sio 1. Ukitaka tarakimu kuwa namba toa '0', yani `daraja - '0'`.

Kitu kingine ambacho mtu wa simu lazima akijue, kwenye laptopu nyingi za Intel char inaanzia -128 mpaka 127, kwenye simu nyingi zenye prosesa ya ARM inaanzia 0 mpaka 255. Ukiitumia kwa herufi hutaona tofauti. Ukiitumia kama namba ndogo, msimbo uliopona kwenye simu unakufa kwenye laptopu. Andika `signed char` au `unsigned char` kabisa, au ingiza `stdint.h` utumie `int8_t` na `uint8_t`, humohumo kuna `int32_t` na `int64_t` ambazo saizi yake iko kwenye jina, hazibadiliki kokote.

C haina aina ya maneno, maneno ni char zimepangwa foleni na mwishoni kuna sifuri ya kuonesha foleni imeisha. Nafasi ya hiyo sifuri ndo watu wanaisahau. Hesabu herufi za Nachingwea, ziko 10. Ukiandika

```
char wilaya[10] = "Nachingwea";
```

C inakubali, lakini sifuri imekosa kiti, na printf ikianza kusoma haijui pa kusimama inaendelea na chochote kilichofuata kwenye memori, unaona Nachingwea halafu vidudu. Tandahimba nayo 10, hivohivo. Weka 11, au acha mabano matupu `wilaya[]` kompaila ahesabu mwenyewe. Na neno liwe kwenye alama mbilimbili za nukuu, hapo hata "ming'oko" na ung'ong'o wake inaingia bila shida.

Namba ya simu mpwa wangu kaiweka int. Namba ya simu sio namba! Hutaijumlisha na nyingine, hutatafuta wastani wake, ni maneno yanayofanana na namba tu, na namba ya uanachama vilevile, na namba ya stakabadhi. Ukiiweka int ile sifuri ya mbele inapotea, na ukiiandika kwenye msimbo ndo balaa zaidi, kwenye C namba ikianza na 0 inasomwa kwa msingi wa nane, `0755` kwake ni 493, na `0688` inagoma kabisa kukompaili sababu msingi wa nane hauna tarakimu 8. Weka `char simu[14]`, inatosha +255 na zilizobaki na ile sifuri ya mwisho.

Unsigned ni int isiyo na hasi, inafika 4,294,967,295, watu wanaipenda kwa stoku wakisema gunia haziwezi kuwa hasi. Haya, ghalani gunia 5 karani kakosea katoa 6, stoku inasoma 4,294,967,295. Mi bora nione -1 nijue kuna kosa. Bool inataka `stdbool.h`, kwenye toleo la C23 imeshakuwa ya ndani haihitaji, inabeba kweli au sikweli basi, kalipwa au hajalipwa. Na chochote ukikitangaza ndani ya fankisheni kipe thamani palepale, `int jumla = 0;`, ukikiacha hivihivi kinakuja na masalia ya aliyekaa hapo kabla.

La mwisho mpwa kaniuliza tarehe inawekwa wapi. Kuna `time_t`, inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Kwenye ule msimbo wa kwanza ongeza `#include <time.h>` juu na mstari wa `sizeof(time_t)`. Ukipata 8 lala usingizi. Ukipata 4, sekunde zitafika 2,147,483,647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, na sekunde inayofuata simu itajiona iko Desemba 1901. Ile simu ya mpwa wangu ya zamani imetoa 4. Ameniambia mjomba hiyo ndo sababu ya kununuliwa mpya, nikamwambia mpaka 2038 bado, kwanza nionee ile ya gramu imetoa ngapi.